Tembo wa Kwakuchinja wakisomwa kwenye skrini

Hapa Arusha tunamalizia ramani ya Kwakuchinja, ule ushoroba, yaani njia ya wanyamapori, kati ya hifadhi za Tarangire na Ziwa Manyara. Picha za setilaiti ya Sentinel-2 ni za bure, pikseli moja ni mita 10 ardhini, ila masika mawingu yatakuchosha!

Utamu ulikuja tulipoweka juu yake nukta za tembo aliyevishwa kisukuma mawimbi, ile kola inayotuma mahali alipo. Mchana nukta zimerundikana vichakani. Usiku zinanyooka kuelekea barabara kuu ya Babati, na zikikaribia mashamba nafasi kati yake inapanuka. Jamaa anakaza mwendo. Anajua kabisa hapo si kwake.

Nikafungua na picha za zamani za setilaiti ya Landsat: pori la wakati ule leo ni mistatili ya mashamba. Simlaumu mkulima, naye ana watoto wa kulisha. Ndiyo maana ramani lazima ifike kwenye kamati ya matumizi ya ardhi ya kijiji kabla beacon, yaani alama za mipaka, hazijapigwa.

Mzee mmoja wa kamati aliitazama kidogo tu, akasema, "Kijana wangu, chini ya migunga hii kuna kisima." Setilaiti haikioni. Wiki ijayo tunabeba GPS za mkononi, mzee anatangulia, tunapima visima vyote.