Tope la Malagarasi na shati langu jeupe

Jumamosi nilikuwa Ilagala kumsalimia shangazi, nikateleza ukingoni mwa Malagarasi. Na shati jeupe! Nimelifua mara tatu kwa sabuni ya mawese, mchanga umetoka wote, ila ule mfinyanzi laini umeganda kwenye nyuzi. Shangazi kacheka: "Mwanangu, tope la mto huu halina adabu."

Nikakumbuka nilichosoma kuhusu Fukushima, Japani. Mwaka 2011 vinu vya nyuklia vilipoharibika, seziamu-137, metali yenye mionzi, ilianguka milimani na mashambani, mvua ikaisukumia mitoni. Nilidhani itayeyuka majini iende zake baharini. Kumbe sehemu kubwa ilishikwa na udongo. Madini ya jamii ya maika na ilaiti, yaliyomo kwenye mfinyanzi, yamepangwa tabaka juu ya tabaka kama chapati, na katikati hukaa potasiamu. Kingo zake zikichakaa huachia kijinafasi, seziamu inaingia humo inaenea barabara, kisha tabaka zinajifunga. Kuitoa ni kazi kweli kweli. Mchanga hauna mshiko huo, ndiyo maana seziamu hujazana kwenye chembe laini, zile zile zinazosafiri na mafuriko na kutua mabwawani. (Strontiamu-90, nayo ya mionzi, haing'ang'aniwi hivyo, huachia kirahisi.)

Na seziamu hiyo huchukua miaka kama 30 kupungua nusu tu.

Huku kwetu hakujalipuka kinu chochote, msije mkaacha kula migebuka. Ila shati nimeshalifanya tambara la kupigia deki.