Alasiri Moja River Road na Besi Fupi

Juzi nilikuwa Luthuli, katikati ya Nairobi, nikimsubiri fundi anitengenezee simu. Akagusisha chuma chake cha kulehemia kwenye risasi, moshi mwembamba ukapanda, na harufu ile ikanijia: utomvu unaoungua, utamu kidogo halafu ukali unaokwaruza pua. Alikuwa akinieleza jambo kuhusu kioo cha simu, mimi simsikii tena. Nilikuwa River Road, ghorofa ya pili, Jumamosi ya kuamkia Pasaka, mvua inanyesha, na gita langu la besi limelala juu ya meza ya fundi mwingine likiwa limefunguliwa skrubu zote.

Besi yenyewe ni ile nyeusi, ile ile ninayopiga hadi leo. Kaka aliinunua kwa mtu aliyekuwa akihama Nairobi, na bei yake hajawahi kunitajia. Ilikuwa ya daraja la chini kabisa dukani, aina anayouziwa mwanafunzi. Mbao ya kiwiliwili ni laini kiasi kwamba ukucha unaacha alama. Shingo imeshikwa kwa skrubu nne. Sumaku ya kunasa sauti ni moja, na vifundo vya kuzungusha ni viwili, kimoja cha sauti na kimoja cha toni. Na ni fupi. Kutoka kile kijiti chenye mifereji minne kule juu hadi darajani, kile chuma kinachoshika nyuzi kule chini, ni inchi 30, sentimita 76 na kitu. Besi nyingi ni inchi 34, kipimo kilichokuwa desturi tangu kampuni ya Fender ilipotoa besi yake ya Precision mwaka 1951.

Inchi nne si kitu hadi mkono wako uwe mdogo kama wangu. Kwenye besi ndefu, freti ya kwanza, kile kijichuma cha shingoni kinachotenga noti, iko karibu sentimita 5 kutoka kwenye kijiti. Kwenye yangu ni sentimita 4 na robo, na kila freti inayofuata imepungua kwa uwiano huo huo. Ile ndefu niliyokuwa nikiazima ilinitesa kidole kidogo miaka yote niliyoipiga. Niliposhika hii fupi mara ya kwanza, vidole vyote vinne vilitua mahali pake bila kunyooshwa, nikajua sitairudisha.

Lakini kanisani waliiita toi, kichezeo cha mtoto. Mpiga solo aliisema, mpiga ngoma akaidakia, na Alhamisi, baada ya mazoezi, kiongozi wa bendi akaniuliza kwa upole kama tungeazima besi ndefu kwa ajili ya ibada ya Pasaka, watu watakuwa wengi. Upole wake ndio ulioniuma zaidi. Na alikuwa na sababu, maana besi ilikuwa inanguruma. Stima ya Kenya inatembea kwa mizunguko 50 kwa sekunde, na noti ya G, freti ya tatu kwenye uzi mnene, ni 49. Hizo mbili zikikutana haziishi kwa amani: unasikia sauti inavimba na kunywea, inavimba na kunywea, kama mara moja kila sekunde. Nyimbo zetu nyingi za Pasaka zilikuwa kwenye G.

Basi Jumamosi nikapanda matatu kutoka Umoja, nikashuka Ronald Ngala, nikapanda zile ngazi.

Fundi alikuwa mtu wa redio na amplifaya. Magita aliyapokea kwa kuwa hakuna aliyemkatalia mteja ghorofa ile. Aliichomeka besi kwenye spika isiyo na sanduku, akasikiliza ngurumo, kisha akafanya kitu ambacho nimekiiga maisha yangu yote tangu siku hiyo. Alishika nyuzi zote kwa kiganja. Ngurumo ikabaki vile vile. Akaweka kidole gumba kwenye chuma cha tundu la waya. Ngurumo ikashuka karibu nusu.

"Umesikia, dada? Nyuzi hazijui ethi iko wapi."

Akanieleza huku mikono ikiendelea. Mwili wa mtu unaokota kelele za stima zilizo hewani na kuzipeleka karibu na sumaku. Nyuzi zikiwa zimeunganishwa na ethi, ule upande wa nyaya unaotuliza kelele, kupitia darajani, ukizigusa tu, mwili wako nao unatulizwa. Kwangu njia hiyo ilikuwa imekatika mahali. Akalegeza daraja, akaliinua, na chini yake tukaona waya mweusi mwembamba ambao ncha yake ilikuwa imelala juu ya rangi. Rangi nene ya kiwandani ilikuwa imefunika kila kitu, waya haugusi chuma. Akakwangua kwa wembe hadi chini ya daraja pakang'aa, akazitandaza nyuzinyuzi za waya kama vidole. Upande wa pili, nyuma ya kifundo cha sauti, ule waya ulikuwa umeshikwa na tone la risasi lililopoa vibaya, la kijivu, lisilong'aa. Hapo ndipo alipochukua chuma cha moto, na harufu ile ikajaa chumba.

Alipoinua kile kibao cha plastiki cha mbele alinionyesha na jambo jingine. Sumaku ilikuwa na vichwa sita vya chuma, na nyuzi ni nne. "Hii ni ya gita la solo," alisema. "Waliokuwa wakiitengeneza wametumia waliyokuwa nayo." Vichwa havikukaa sawasawa chini ya nyuzi, vingine vilitazama hewa. Nilimuuliza kama ni vibaya. Akafikiri, akasema haijui sauti mbaya ya besi hadi aisikie.

Dirishani alikuwa amekaa mzee aliyekuwa akingojea redio yake. Muda wote alikuwa kimya. Sasa akauliza, "Ni inchi ngapi hiyo?"

"Thelathini, mzee."

"Ngoja."

Akashuka ngazi na mvua ile. Fundi akaniambia mzee alikuwa mpiga besi wa klabu enzi za rumba, wakati bendi kama Simba Wanyika na Super Mazembe zinajaza kumbi za mji huu. Aliporudi mabega yamelowa, na mkononi ana bahasha ya kaki yenye nyuzi zilizokunjwa mduara.

Sikuwa nimewahi kuona nyuzi bapa. Zile za kawaida zimezungushiwa waya wa mviringo, ukiteleza kidole zinakwaruza na kulia. Hizi zilizungushiwa utepe wa chuma uliolala, laini mkononi, nzito, zimefifia rangi. Zilikuwa za besi ndefu, na fundi hakuzitaka. Alisema sehemu nene italazimika kuzunguka kigingi na huenda ikakatika. Mzee akasema itakubali. Wakabishana kidogo kwa heshima, kisha mzee akanipa ule wa E, mnene kuliko wote, na koleo.

"Usikate bado, mwanangu. Upinde kwanza. Pale unapotaka kukata, upinde uvunjike pembe, ndipo ukate mbele ya pembe. Ukikata kabla ya kupinda, utepe utafunguka ndani na uzi utakufa."

Nilipinda. Ulikuwa mgumu, nikatumia ukingo wa meza. Nikakata. Nikauingiza kwenye kigingi na kuanza kukaza, na ule unene ukawa unalia kidogo kila unapozunguka chuma, sote watatu tunautazama. Uzi niliokuwa nao zamani ulikuwa mwembamba na ulilegea, ukipigwa unagonga freti. Hiyo ndiyo hesabu ya besi fupi: uzi ule ule, kwa noti ile ile, kwenye inchi 30 unahitaji mvuto uliopungua kwa zaidi ya asilimia 20 ukilinganisha na inchi 34. Mvuto ukipungua uzi unatapatapa. Uzi mnene zaidi unarudisha sehemu ya mvuto huo. Wa mzee ulipofika E ukasimama, haukutapatapa.

Fundi akachomeka. Kimya. Ngurumo iliyobaki ulilazimika kuinamisha kichwa kuisikia.

Nikapiga G.

Haikuwa kubwa, ilikuwa nene. Ilianza bila mlio wa chuma, ikajaa katikati, ikaondoka yote kwa pamoja bila kuburuta mkia. Mzee akainuka, akanishika kifundo cha mkono wa kulia, akausogeza mbali na daraja hadi pale shingo inapoishia. "Usiuvute. Uguse, uuachie." Nikagusa, nikaachia, na noti ile ile ikashuka kifuani mwangu. Nikapanda C, nikapanda D, nikarudi G. Fundi akaweka chuma chake kwenye kishikio. Chini makanga walikuwa wakiita Kayole, Kayole, na sauti zao zikaingia kati ya noti zangu bila kugongana nazo. Nikaendelea. Sikutaka mtu aniambie niache.

"McCartney wa Beatles alipiga besi ya Höfner ya umbo la fidla," mzee alisema, "fupi hivyo hivyo. Nani alimwambia ni toi?"

Nilimuuliza nimlipe nini kwa nyuzi. Akachukua redio yake akaenda.

Pasaka yenyewe ilipita haraka. Wimbo wa pili mpiga ngoma alinigeukia, akanitazama, akapunguza mkono. Habari ya kuazima besi haikurudi tena.

Ninachoshindwa hadi leo ni kusema ni nini kilichotokea mezani pale. Alasiri moja yalibadilika mambo matatu kwa pamoja: waya, nyuzi, na mahali ninapoweka mkono. Ule waya ulikatika tena mwaka jana, nikaulehemu mwenyewe, na sauti haikuongezeka wala kupungua, ila kelele tu. Kwa hiyo naelekea kuamini ni nyuzi, zikisaidiwa na ule ufupi wenyewe, unaozima milio ya juu na kuacha mwili wa noti. James Jamerson, mpiga besi wa kampuni ya rekodi ya Motown, alipiga nyuzi bapa zilizozeeka na hakupenda kuzibadilisha. Nami zile za mzee sijazitoa. Vijana wa kwaya wakiniuliza wanunue besi gani nawaambia fupi inatosha, kisha nasita, kwa sababu sijui kama nawapa ushauri wa gita au wa bahasha ya mzee mmoja.

Kaka yangu anasema ni vidole tu, tangu zamani vilikuwa vyangu na besi ndefu ilivifunga. Tumelibishania mezani mara nyingi. Sijamkubalia bado.