Mahame ya kisiwani, ng'ambo ya Kome

Jina la kisiwa chenye mahame haya, yaani makazi ya kale yaliyohamwa, tunaliacha kwa makusudi, maana vigae vya kale vikishajulikana vilipo huokotwa. Njia haina siri. Kutoka Mwanza mjini tulivuka kwa kivuko cha Kamanga, tukapita Sengerema hadi Nyakaliro, tukapanda kivuko cha kwenda kisiwa cha Kome, kisha mtumbwi wa injini wa kukodi. Asiyependa vivuko viwili hupita daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya maji, lililofunguliwa Juni 2025. Radi na dhoruba za Ziwa Victoria hujijenga zaidi usiku hadi alfajiri, kwa hiyo nahodha hakung'oa nanga mpaka kulipokucha na mawingu yakaonekana yanakoelekea. Ufukweni vaa buti za mpira: maji ya kina kifupi kwenye magugu ndipo konokono wa kichocho wanapokaa.

Tulichagua Septemba kwa sababu nyasi zimekauka na ardhi inaonekana. Vuli ikianza, mahame hufunikwa.

Cha kwanza kuonekana ni minyaa iliyopandwa kwa mstari, nyumba hakuna. Nyumba ya miti na udongo haiachi magofu: mchwa hula nguzo, mvua huyeyusha kuta, linabaki tuta la chini ambalo mgeni hulidhani kichuguu. Chunguza udongo wenyewe. Wa kichuguu ni laini na wa namna moja. Wa nyumba una mabonge yenye alama za fito, na pembeni yake hukosi sakafu iliyoshindiliwa au mafiga 3 yaliyoungua upande wa ndani.

Safu ya nyumba zilizokuwa karibu na maji haipo. Kati ya 1961 na 1964 Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita 2 na kula makazi mengi ya mwambao. Mwaka 2020, na tena 2024, likapanda mno. Hasara hiyo imetuachia ukingo uliokatwa wima kama keki, na hapo ndipo tulipokaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote.

Juu kabisa ni mabaki ya wavuvi wa juzi: nyuzi za nailoni, vioo vya karabai, magamba ya samaki. Chini yake ni majivu, kisha udongo mtupu, kisha vigae vizito vyenye mdomo uliokatwa bapa mara 2 au 3 na michoro ya mistari ya kuchanja. Hizo ni sifa za ufinyanzi wa Urewe, uliopewa jina la mahali huko Siaya, Kenya, na ambao ulianza kando ya ziwa hili zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Baadhi ya vyungu vyake vina kishimo kitakoni kinachotosha ncha ya kidole gumba. Usikingoje kishimo hicho, vingi havina.

Wengi hukosea kwa kuhesabu vigae vilivyo mchangani. Kigae chenye kingo za mviringo kimeviringishwa na mawimbi, na hakuna ajuaye kilitoka tabaka gani. Tulichukua kumbukumbu za vile vilivyokwama ukutani tu, vyenye kingo kali.

Mavi ya chuma, yaani taka zinazobaki chuma kikiyeyushwa kutoka kwenye mawe yake, nayo huchanganywa na moramu. Moramu ni vidonge vyekundu vilivyogandamana. Mavi ya chuma ni meusi, mazito, yana matundu ya mapovu na mikunjo ya kitu kilichotiririka, na pengine alama za nyasi, kwa kuwa mashimo ya matanuri ya kale ya Buhaya, kama yale ya Katuruka karibu na Bukoba, yalijazwa nyasi au matete.

Kila kitu tulikipiga picha pamoja na rula ya sentimita 10 na mshale wa kaskazini, tukaandika kina kutoka juu ya ukingo, tukakiacha pale pale. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kuchimba bila kibali ni kosa. Taarifa hupelekwa kwa afisa utamaduni wa halmashauri. Ukingo ule unafaa kupigwa picha upya kila masika yakiisha, kutoka sehemu ile ile, ili ijulikane maji yanakula sentimita ngapi kwa mwaka.