Vyuma vya vitani kwenye rafu yangu

Nikimwambia mtu kwamba nimetoka kutembelea uwanja wa vita vya zamani, swali lake la kwanza huwa, "Umeokota nini?" Wanaouliza nimeona nini ni wachache. Siwalaumu. Mimi mwenyewe nina rafu ya vitu hivyo, na leo nimeshinda nayo tangu asubuhi, nashusha kimoja kimoja, napangusa, najiuliza kila kimoja kinanieleza nini hasa.

Ninachokipenda kuliko vyote ni ganda la risasi ya bunduki ya Kiingereza. Shaba yake imefifia, mdomo umebonyea upande mmoja, na kwenye kitako, ukiligeuzia dirishani, unaona herufi za kiwanda na tarakimu ya Kirumi ya aina ya risasi. Nilipewa na mzee mmoja wa Taveta. Alikuwa akiyaokota utotoni akichunga mbuzi chini ya kilima cha Salaita. Kabla ya kunikabidhi aliliweka mdomoni akalipuliza, likalia filimbi kali hadi kuku wakatawanyika. "Chukua mwanangu," akaniambia, "mimi nimelipuliza nikachoka." Kwa hiyo ganda hili lina historia mbili, ya aliyefyatua na ya mchungaji, na ya pili ndiyo ninayoijua vizuri.

Salaita kwenyewe, asiyeambiwa atapita tu. Ni kilima kifupi kwenye nyika, kando ya njia ya kutoka Voi kwenda Taveta. Tarehe 12 Februari 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Waingereza walikishambulia wakiwa na kikosi kipya kutoka Afrika Kusini, watu ambao wengi wao walikuwa hawajawahi kupigana katika pori la namna ile. Mizinga ikapiga kileleni, maana huko ndiko walikodhani Wajerumani wamejichimbia. Kumbe mahandaki yenyewe yalikuwa chini, kwenye kitako cha kilima, yamefichwa na vichaka, na askari Waafrika wa jeshi la Kijerumani wamekaa ndani wakisubiri. Wale Waafrika Kusini walirudi nyuma kwa vurugu, na Wabaluchi wa jeshi la India, ambao baadhi ya Waafrika Kusini hao walikuwa wakiwadharau, ndio waliosimama imara kuzuia maafa zaidi. Ukisimama leo kwenye mabaki ya mahandaki yale, ukatazama upande waliotokea washambuliaji, huhitaji mwalimu wa mbinu za kivita. Unaona tambarare yote.

Si mbali na hapo kuna mbuyu wenye makovu ya risasi. Wanasimulia kwamba mwanamke wa Kijerumani alijificha ndani yake akawa anawadungua Waingereza mmoja mmoja. Siiamini sana hadithi hiyo, lakini nami nimetia kidole kwenye matundu kama kila mgeni.

Tabia ya kubeba kitu kutoka vitani haikuanza na sisi wenye mabegi ya mgongoni. Waterloo, Ubelgiji, Napoleon aliposhindwa mwaka 1815, watalii walifika wakati uwanja bado haujasafishwa. Mwandishi wa Uskoti Walter Scott alikwenda mwaka huohuo na kurudi na vitu alivyonunua. Palikuwa na mti mmoja wa elm ambapo inasemekana Jenerali Wellington wa Uingereza alisimama siku ya vita. Wageni waliuchuna magome na kuukata matawi mpaka ukafa, na mwaka 1818 mwenye shamba akaukata kabisa. Mwingereza mmoja akanunua mbao, na sehemu yake ikatengenezwa kiti cha Mfalme George IV. Mti ulinusurika mizinga ya Napoleon, ukauawa na watu wenye visu vya mfukoni. Hilo la kiti hunichekesha. La meno halinichekeshi: maiti waling'olewa meno, yakauzwa kutengenezea meno ya bandia ya watu wenye uwezo.

Huko Somme, Ufaransa, mambo ni mengine kabisa. Pale ardhi ndiyo inayokuletea vitu, upende usipende. Kila msimu wa kulima, majembe ya trekta huibua makombora ya vita vya 1914 hadi 1918, na wakulima huyapanga kando ya barabara yasubiri wataalamu wa mabomu waje kuyachukua. Nimeyaona, yamelala chini ya nguzo ya umeme, yamevaa udongo na kutu, yanaonekana hayana madhara. Bado yanaua. Mengine yana gesi ya sumu ndani. Na bado kuna wageni wanaojaribu kuyapakia kwenye masanduku wakarudi nayo kwao, hata kwenye treni! Sijui mtu wa namna hiyo huwa anafikiri ataliweka wapi kombora hilo akifika nyumbani.

Lakini hatari ya mlipuko siyo iliyonifanya niache kuokota. Ni kijiko.

Askari wa Kiingereza katika vita ile walivaa shingoni kibati cha utambulisho. Mwanzoni kilikuwa cha alumini, halafu kikawa cha nyuzi zilizoshindiliwa, na nyuzi huoza. Hadi leo maiti zinaendelea kupatikana wakati wa kujenga barabara au kuchimba mitaro, na mara nyingi kibati hakipo tena. Kinachobaki ni kifungo cha koti, nembo ya begani, au kijiko ambacho mwenyewe alikichora namba yake ya jeshi kwa ncha ya kisu ili wenzake wasimwibie. Namba hiyo ikisomeka, mtu anapata jina lake na kaburi lake. Kwenye mnara wa Thiepval yamechongwa majina zaidi ya 72,000 ya watu waliopotea huko Somme bila kaburi linalojulikana. Sasa fikiria mtalii anayepita shambani asubuhi baada ya mvua, anaona kijiko, anakitia mfukoni kwa sababu kina kutu ya kupendeza. Hajaiba kijiko, ameiba jina la mtu. Sheria za Ufaransa zinataka kibali hata cha kutembea na kitambua metali kwa ajili ya kutafuta vitu vya kihistoria, na wengi huona huo ni urasimu tu. Mimi naona ni ustaarabu wa kawaida.

Omaha, ule ufukwe wa Normandy ambako Wamarekani walitua tarehe 6 Juni 1944, nilikwenda na sumaku niliyoifunga ndani ya mfuko wa plastiki. Nilisoma kwamba wanajiolojia wawili, Earle McBride na Dane Picard, walichukua mchanga pale mwaka 1988, na walipokuja kuuchunguza kwa hadubini wakakuta hadi asilimia 4 ni chembe za chuma cha makombora, pamoja na vijipunje vya mviringo vya chuma na kioo vilivyoyeyuka kwa joto la milipuko. Nikaburuta sumaku juu ya mchanga uliokauka. Ikaota manyoya meusi. Sijui ni ngapi zilikuwa za vita na ngapi ni madini ya kawaida ya ufukweni, kwa macho hutambui. Nikachomoa sumaku kwenye plastiki, zikamwagika zilikotoka. Sikuhitaji kichupa.

Sasa nifike kwenye lililonikalisha mbele ya rafu siku nzima. Kila kitu hapa ni chuma, shaba, risasi au kioo. Rafu yangu inasema vita vilipiganwa na watu waliokuwa na bunduki, kwa sababu bunduki ndiyo inayoacha taka zisizooza. Kwa Somme huo ni ukweli wa kutosha. Kwa Afrika Mashariki ni uongo mtupu.

Vita vya huku vilibebwa vichwani. Barabara zilikuwa chache, mbung'o (ndorobo) waliua farasi na nyumbu, kwa hiyo unga, risasi, hema na hata vipande vya mizinga vilisafiri juu ya watu. Upande wa Waingereza peke yake ulitumia wapagazi wapatao milioni moja hadi vita vinakwisha. Hesabu rasmi ya waliokufa inakaribia 95,000, na wengi hawakufa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa, njiani au kambini, mbali na vilima vyenye majina kwenye ramani za vita. Waliacha nini ardhini? Blanketi limeoza. Ngata ya majani iliyokaa kichwani imeoza. Hata uwe na kitambua metali cha bei gani, utapita juu ya mpagazi na mashine isitoe mlio.

Wala usidhani waliandikwa mahali pengine. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Nairobi kuna sanamu tatu za shaba za kumbukumbu ya vita hivyo, na mmoja kati ya wale watatu ni mpagazi. Huwa nasimama mbele yake kuliko wenzake. Ana mwili wa shaba, jina hana.

Ndiyo maana siku hizi mtu akiniuliza nimeokota nini najibu kwamba nimeandika. Ganda la mzee wa Taveta nimelifungia kikaratasi chenye mahali lilipotoka na maneno aliyoyasema, kwa sababu bila hayo ni kipande cha shaba tu, na nikifa litaishia kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Vitu viwili nilivyovinunua zamani kwa wauzaji, ambavyo havina maelezo yoyote ya vilikotoka, nimevitoa kwenye rafu. Sijaamua nivifanyeje.

Nikipata likizo nataka kutembea kwenye mabaki ya tuta la reli ya kijeshi waliyoijenga Waingereza kutoka Voi kupitia Maktau kuelekea Taveta. Sitakwenda na sumaku. Nitakwenda na daftari na kinasa sauti, nipite kwa wazee wa vijiji vya kando. Na wewe unayesoma, kama kwenu kuna hadithi ya babu wa babu aliyechukuliwa kubeba mizigo ya vita vya Wajerumani, hata kama ni sentensi moja, hata kama jina lake halijulikani ila la kijiji alikotoka, niandikie.