Matondoni, kutafuta sura ya Mjomba

Basi lilitutoa Malindi kwa kuchelewa, na yule konda aliyeniapia kuwa kiti changu ni cha dirishani akaniweka pale mbele kwenye kibenchi cha juu ya injini, joto linapanda kutoka miguuni, na nauli nimelipa kamili, tena imepanda juzi tu. Nikimlalamikia ananijibu "dada, ukifika utasahau." Sijasahau. Barabara nisiiseme vibaya, lami ipo, wazee wetu walikuwa wanalala njiani Mto Tana ukifurika, mara hii usumbufu ulikuwa wa vizuizi tu, mnashuka wote mmeshika vitambulisho, askari anaangalia kadi anaangalia uso, mnapanda, mnashuka tena. Garsen, Gamba, Witu, Hindi zote nimezipita nimekaa upande. Mokowe nikapanda boti, Amu, yaani Lamu mjini, nikalala, hakuna la kuhadithia hapo ila bei ya chumba ambayo nikiitaja Mama atanuna.

Safari yenyewe ilikuwa ya picha. Mjomba wangu, kaka yake Mama, alipofariki tuligundua hatuna hata picha moja ya ujana wake. Nyumba ya bibi pale Shella (Shella ya Malindi, sio ile ya Amu) ilikuwa ya makuti na iliungua na kila kitu, masanduku, vyeti, picha zote. Kwa hiyo mimi Mjomba namjua mzee tu, kipara, kikoi, miwani imefungwa uzi, amestaafu lakini bado anafundisha watoto wa majirani hesabu barazani na fimbo iko chini ya mkeka. Sasa kwenye hitma akaja mzee mmoja kutoka Amu, akasema mbona picha za Maalim ziko Matondoni, kuna bi mkubwa anazo albamu nzima, Maalim alikaa kwao alipoanza kazi. Mama usiku ule hakulala, na asubuhi hakunipa usingizi mimi.

Nilidhani Amu hadi Matondoni ni kuvuka barabara. Ni kisiwa hichohicho lakini kijiji kiko upande wa pili, na nahodha wa kwanza kunitajia bei alitaka elfu tatu na mia tano, nikamwambia kaka mimi sio mzungu, akasema sawa, elfu tatu. Tukaja kukubaliana elfu mbili na mwenzake, ambaye alikuwa anakunywa kahawa na hana haraka hata kidogo, na alipomaliza kahawa akaangalia bahari akasema "mayi yatoka," yaani maji yanakupwa, kana kwamba mimi ndiye niliyemchelewesha. Basi mbele ya Matondoni boti ikagusa tope. Akazima injini, akaniambia nishuke nitembee, si mbali. Si mbali kwake! Buibui nimelikunja, viatu kichwani pamoja na mkoba, tope linanivuta mpaka magotini kupita kandokando ya mikoko, na watoto walioniona kwa mbali wamekuja kunipokea kwa vicheko. Elfu mbili hakunipunguzia hata shilingi.

Bi mkubwa nilimkuta ukumbini anasuka ukili. Nikambusu mkono, nikajitambulisha, akanitazama muda mrefu bila kusema kitu, kisha akaniuliza kama nina njaa. "Ndoo, mwanangu, ndoo ukae, una tope mpaka kwenye nyusi." Ndoo yao ndiyo njoo yetu. Nikaletewa maji ya kuoga, nikaletewa chai na mkate wa mofa, na picha hazikutajwa mpaka baada ya sala ya adhuhuri, nami nimekaa pale nakufa kwa hamu lakini utamharakishaje mzee kwake.

Albamu iko ndani ya sanduku, imefungwa leso mbili. Karatasi zake nyeusi, picha zimeshikwa kwa vile vipembe, nyingine mende wamekula, nyingine unyevu umezigandisha zikawa mbili kwa moja. Marehemu mumewe ndiye alikuwa na kamera, alifanya kazi Amu mjini, na mkanda mmoja ulikuwa na picha kumi na mbili tu, ukijaa unapelekwa Mombasa kusafishwa, zikirudi ni baada ya miezi na mtu keshasahau alipigwa nini. Kwa hiyo hapakuwa na kupiga hovyo. Unaoga, unapaka mafuta, unasimama.

Na ndiye huyo. Mjomba ana nywele! Afro kubwa imemzidi kichwa, suruali bugaluu, shati kola ndefu, ameshika redio yenye koti lake la kitambaa, anacheka meno yote nje. Wallahi sikuwahi kumuona Mjomba akicheka hivyo, nilibaki naangalia mdomo wake tu. Nyuma ya picha kuna wino wa buluu, mwandiko uleule aliokuwa anatusahihishia madaftari: "Nipo salama. 1974."

Mwaka huo ndio serikali iliondoa karo ya darasa la kwanza hadi la nne, watoto kama milioni nzima wakaongezeka shuleni Kenya nzima kwa mpigo mmoja, na walimu hakuna. Hapo ndipo vijana waliotoka tu kidato cha nne wakachukuliwa wakafundishe hivyohivyo bila chuo, na Mjomba akiwamo, chuo alikwenda baadaye. Kuna picha amesimama na darasa mbele ya jahazi ambalo bado linaundwa, mbavu ziko wazi, wadogo wamepangwa juu ya magogo, na nyuma wamesimama wanafunzi warefu kumshinda mwalimu. Bi mkubwa akaniwekea kidole kwenye mmoja mwenye sharubu. "Huyu alikuwa ameshakuwa baharia, karudi kusoma kwa kuwa ni bure." Nikamuuliza picha ya ndani ya darasa iko wapi, mwalimu na ubao. Akashangaa kweli. Nani apoteze mkanda kwa ubao?

Lakini kilichonimaliza ni koti. Koti jeusi la kizungu, vifungo viwili. Mjomba amelivaa, linamkaa vizuri. Fungua ukurasa, amelivaa rafiki yake mwalimu mwenzake. Fungua, yuko mvuvi mmoja mrefu, mikono ya koti imemuishia karibu na viwiko, na chini amevaa kikoi. Fungua, kijana ambaye hata jina bi mkubwa halikumbuki. Koti ni lile lile! "Koti moya tu," akasema, "la bwana wangu, alilinunua Mombasa, kila aliyetaka kutuma picha kwao alikuja kuliazima." Na saa je? Maana saa iko mkononi kwa Mjomba, na hadithi ya ile saa sisi tumekua nayo, kwamba aliinunua kwa mshahara wake wa kwanza, kwamba ndivyo kijana mwenye akili anavyoanza maisha, tumechapwa kwa ajili ya saa ile sisi. Bi mkubwa akacheka mpaka akashika ubavu. Mshahara wa kwanza ulikawia miezi, Maalim alikuwa akila kwao na kulala chumba cha nje, saa ni ya bwana vilevile. Picha alitumiwa bibi yangu Malindi ili aone mtoto hateseki.

Sikukasirika, nilitamani tu angekuwa hai nimuulize saa ngapi.

Halafu bi mkubwa akaniambia niweke simu yangu kule, mbali, kwenye kidaka cha ukutani. Nikaiweka. Ndipo akafungua zile kurasa za nyuma, za harusi na za wanawake wenyewe kwa wenyewe, yeye akiwa msichana, dada zake, mashoga zake, nywele zimetoka, asmini zimevikwa. Niliyoyaona nimeyaona na hapa siyaandiki. Hata Malindi siku hizi kwenye harusi za wanawake simu zinaachwa mlangoni na bado kesho yake picha zinazunguka Mombasa nzima, na hizi zimekaa miaka hamsini ndani ya leso mbili. Nikawa najiuliza kwetu nani angemtunzia mtoto wa watu picha zake muda wote huo, sisi tulioshindwa kutunza hata zetu, na baada ya moto ule bado tukaezeka makuti tena kwa sababu mabati yana joto.

Za wanaume aliniruhusu kuzipiga kwa simu, kuzichukua hapana, nisiulize mara ya pili. Taa ya simu pia hakuitaka. Nikazibeba moja moja hadi mlangoni kwenye mwanga, chaji inaniishia, na umeme siku hiyo ulikuwa umekatika. Zile za rangi za miaka ya themanini zimekuwa nyekundu zote kama zimemwagiwa rojo, watu huwajui, lakini nyeusi na nyeupe za 1974 unahesabu hata nyuzi za kikoi.

Nilipopata chaji nikamtumia Mama, na kesho yake akanipigia anataka kuongea na bi mkubwa mwenyewe, mjukuu mmoja akanisaidia kuwaunganisha. Wakaombeana dua, wakalia kidogo, nikaona mambo mazuri. Kisha Mama akasema yule mwalimu mwenzake ni fulani wa Mambrui. Bi mkubwa akasema si yeye, huyo ni wa Kipini. Mama akasema mimi namjua alikuja kutuposea, bi mkubwa akasema mwanangu huyu amekula kwangu mwaka mzima, na hapo sauti zikapanda pande zote mbili. Salio langu ndilo lililowakatiza, na Mama bado ananidai bando aende akamalizie.