Bamvua la Saint-Malo

Mdogo wangu alikuwa ametupangia siku ile kwa saa: saa nne ukutani, saa sita kanisani, saa saba chakula. Mama aliisikiliza ratiba yote ndani ya treni iliyotutoa Rennes kwenda Saint-Malo, mji wa pwani kaskazini-magharibi mwa Ufaransa, kisha akauliza jambo moja tu. "Maji yanapwa saa ngapi huko?"

Mdogo wangu akatazama simu. Saa tisa kasoro mchana. Mama akatikisa kichwa. Ilikuwa mwisho wa Agosti 2019, mwezi unaandama, Mfunguo Nne unaingia na mwaka mpya wa Kiislamu nao. Kwetu Pangani, mwezi ukiandama, maji huwa makavu kwenye saa nne, saa tano asubuhi. Mama ameokota kombe na kuchokoa pweza kwa hesabu hiyo tangu hajavunja ungo. "Simu yako ina makosa, mwanangu," alisema.

Simu ilikuwa sahihi. Mwezi ni mmoja lakini kila pwani ina saa yake, kwa sababu maji huchelewa au kuwahi kulingana na bahari na ghuba yanazopitia. Hadi kufika Saint-Malo yametoka Atlantiki, yakaingia kwenye mlango wa bahari unaotenganisha Ufaransa na Uingereza, yakabanwa kwenye ghuba. Yakishabanwa hayana pa kwenda ila juu. Kwetu, bamvua kubwa, yale maji makubwa ya mwezi unapoandama au kupevuka, ni kama mita nne kati ya kupwa na kujaa. Pale huzidi mita kumi na mbili. Mama alipolisikia hilo, ratiba ya mdogo wangu ikafa. Tulikubaliana tutembee taratibu juu ya ukuta hadi bahari itakapotupa ruhusa ya kushuka.

Ukuta unauzunguka mji wa kale karibu wote, na juu yake pana njia ya miguu ya kilomita mbili hivi. Upande mmoja una nyumba ndefu za mawe meusimeusi, mapaa yenye mwinamo mkali, mabomba ya moshi marefu. Upande wa pili ni bahari. Mama alizisifu zile nyumba kwa uimara wake wa karne na karne. Mdogo wangu akamweleza kwamba nyingi zina umri unaolingana na wake. Agosti 1944, Wamarekani walipokuwa wakiwatoa Wajerumani, mji ulipigwa mabomu ukaungua, sehemu kubwa ya ndani ya ukuta ikabaki kifusi. Ulijengwa upya kwa mawe ya matale, mitaa ikafuata sura yake ya zamani, na kazi ikachukua zaidi ya miaka kumi. Nilisimama pale kwa muda mrefu. Niliziwaza nyumba za zamani za kwetu kando ya mto, zinazoanguka ukuta mmoja mmoja bila bomu lolote, na nikaumia. Mji unaweza kurudishwa. Nilikuwa nimeuona kwa macho yangu.

Mbele kidogo pana sanamu ya Robert Surcouf, mkono umenyooshwa kuelekea baharini. Mama aliuliza ni nani. Kwa watu wa mji ule ni shujaa aliyeteka meli za Waingereza, na meli alizoziteka zilikuwa kwenye Bahari ya Hindi, bahari yetu. Akiwa nahodha kijana alibeba pia watumwa kuwapeleka Réunion. Hakuwa mtu wa Saint-Malo wa kwanza kufika huko. Mahé de La Bourdonnais, aliyezaliwa mji huohuo mwaka 1699, alikuwa gavana wa Réunion na Mauritius, visiwa vilivyokuwa vikiitwa Bourbon na Île de France, na mashamba ya huko yalilimwa na watu waliotolewa Madagaska na Msumbiji. Baadaye na Kilwa. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja aitwaye Morice aliandikiana na Sultani wa Kilwa mkataba wa kununua watumwa elfu moja kila mwaka.

Hayo nilimweleza mama kwa sauti ya chini, maana watu walikuwa wakipiga picha. Alisikiliza hadi mwisho. Akaelekea baharini, akafungua viganja, akawasomea Fatiha wale waliochukuliwa. Nasi tukaitikia amina. Naona hadi leo kwamba hakuna aliyefanya jambo la maana kuliko hilo pale juu siku ile.

Chakula kilikuwa galette, chapati nyembamba ya unga wa ngano nyeusi, tuliyoagiza kwa yai na jibini bila nyama ya nguruwe. Mama aliila yote na kusema ilihitaji pilipili.

Tulipotoka, bahari haikuwapo. Palipokuwa na maji asubuhi palikuwa na mchanga, miamba yenye mwani, na njia ya mawe inayokwenda hadi kisiwa cha Grand Bé, alikozikwa mwandishi Chateaubriand mwaka 1848. Kaburi lake halina jina, ni msalaba wa jiwe tu uliotazama bahari. Mimi na mdogo wangu tulipanda kuliona. Mama hakuja. Alikuwa amewaona watu wenye ndoo.

Tuliporudi alikuwa amechutama karibu na mama mmoja wa Kifaransa, mzee kama yeye, mwenye viatu vya mpira na uma mdogo wa kuchimbia. Hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja. Mzungu alikuwa akimwonyesha kipimo cha kombe: aliyetimia anaingia ndooni, mdogo anarudishwa mchangani, ndiyo sheria. Mama akaafiki sana, kisha akamwonyesha kwa kidole vijitundu viwili mchangani, akachimba kwa mkono, akatoa kombe mkubwa. Yule bibi alicheka akampiga begani. Wakaendelea.

Aliyetuondoa pale ni mama mwenyewe. Watu wengine walikuwa bado wanakwenda kisiwani wakati aliposimama ghafla na kusema, "Yamegeuka. Twendeni." Sikuona tofauti yoyote. Tulipokuwa juu ya ukuta, njia ya mawe ilianza kulowa, watu wakawa wanakimbia na viatu mikononi. Anayechelewa kule husubiri kisiwani saa kadhaa hadi maji yapwe tena.

Chini yetu, ufuoni Bon-Secours, kuna bwawa la maji ya bahari lililojengwa miaka ya 1930, lenye jukwaa la kurukia. Maji yalipanda hadi kuta za bwawa zikafunikwa, likabaki jukwaa peke yake katikati ya bahari, na vijana wakaogelea kulifuata. Mama alikuwa akiwahesabia kila mmoja, "Moja, mbili, ruka!" nao, bila kuelewa neno, wakawa wanangoja hesabu yake ndipo waruke. Mdogo wangu akakumbusha treni. Mama alisema haendi popote kabla maji hayajajaa yakasimama, kwa hiyo tukaiacha ile ya saa mbili iende, tukaondoka na iliyofuata.