Inglishi, bata na mfuko wa mchanga

Jumapili, usiku

Wiki nzima nimekuwa nikiyawaza maneno ya wacheza pool, mchezo wa meza yenye mashimo ambamo unaugonga mpira mweupe kwa fimbo ili uzamishe mipira mingine, hasa maneno ya Wamarekani, maana ndiyo yaliyoenea kuliko yote. Yanasikika kwenye mashindano ya televisheni na video za mafunzo, na hatimaye huingia midomoni mwa watu wengi wanaoshika fimbo. Wapo wanaoyapenda mno, na wapo wanaoyaonea haya.

Haya hiyo ina chanzo. Jina lenyewe la mchezo lilikuwa neno la kamari: "pool" ni fedha ambazo kila mmoja anachangia ili ziwe dau moja. Marekani ya karne ya 19, nyumba iliyoitwa "poolroom" ilikuwa ya kubashiria mbio za farasi, na meza ziliwekwa humo ili watu wasichoke wakingoja matokeo. Sifa mbaya ya nyumba ikaigandia meza. Ndiyo maana hadi leo wapo wanaoshikilia kuuita mchezo huu biliadi ya mashimo, wakiamini jina safi litaleta watu safi. Nawaelewa, lakini naona wanafagia mahali pasipo na taka. Ninavyopima mimi, neno ni zuri likinieleza mpira umefanya nini. Likianza kumhukumu mtu, nasita.

Kuna "inglishi". Hivyo ndivyo Wamarekani wanavyouita mzunguko wa ubavuni, unaopatikana ukiugonga mpira mweupe kushoto au kulia mwa kitovu chake. Waingereza wenyewe hawauiti hivyo. Kwao ni "saidi", ubavu tu. Wengine wanaona ni neno la ovyo. Kwangu limezaa msamiati wa maana sana. Ukiambiwa upige inglishi ya kukimbia, mpira mweupe utakapogusa ukingo wa meza utatoka na pembe pana zaidi na kasi yake haitapungua sana. Ukiambiwa ya kinyume, pembe itabana na mpira utakufa karibu na ukingo. Maneno mawili tu, na ramani ya shoti nzima umeshaipata.

Linaloharibu mambo ni kipimo. Watu husema "tipu moja ya inglishi", na tipu ni kile kipande cha ngozi kilicho kwenye ncha ya fimbo. Upana wake kwa kawaida ni kama milimita 13, na kipenyo cha mpira ni milimita 57 na kidogo. Sasa tipu moja ni ipi? Kuna anayemaanisha fimbo isogezwe milimita 13 kamili kutoka katikati. Kuna anayemaanisha makali ya tipu yakae kwenye kitovu cha mpira, yaani milimita sita na nusu. Mmoja amesema mara mbili ya mwenzake, na neno ni lilelile. Isitoshe, uso wa tipu umebinuka, kwa hiyo haigusi kwa katikati yake. Fimbo ikisogea milimita 13, sehemu inayogusana na mpira huwa kama milimita tisa na nusu hivi kutoka kitovu. Mgusano ukivuka milimita 14, ambayo ni nusu ya njia kutoka kitovu hadi ukingoni mwa mpira, ncha huteleza hata ukiwa umepaka chaki vizuri. Kwa hiyo kwa kipimo cha kwanza, tipu moja na nusu ndiyo mwisho wa safari.

Tena kuna jambo ambalo neno hilo halilisemi kabisa. Ukigonga kulia, mpira mweupe unasukumwa kidogo kushoto kabla haujafika popote. Mwanagenzi anaambiwa "weka tipu moja kulia", analenga palepale alipolenga bila mzunguko, anakosa, kisha anadhani macho yake ni mabovu. Macho ni mazima. Maelezo ndiyo yaliyopunguka.

Kuna maneno ya picha ambayo sijasikia mtu akiyalalamikia. Mpira uliokaa mdomoni mwa shimo ni "bata", kwa kuwa umetulia kama bata anayengoja kupigwa risasi. Eneo la nyuma ya mstari wa kuanzia ni "jikoni". Aliyebakiza gemu moja ashinde yuko "mlimani", na wote wawili wakifika hapo ukumbi hunyamaza. Haya yaachwe yalivyo.

Ugomvi wa kweli uko kwenye "slopu", mpira uliozama kwa bahati. Wapo wanaolitamka kwa dharau, kana kwamba aliyebahatika ameiba. Lakini jibu liko kwenye kanuni, na kanuni zinatofautiana. Kwenye mipira kumi, aina mojawapo ya pool, lazima utaje mpira na shimo, kwa hiyo slopu haikupi kitu. Kwenye mipira tisa ya kawaida, ambako anayezamisha namba tisa ndiye mshindi, ukigusa kwanza mpira wenye namba ndogo kuliko yote mezani, chochote kitakachozama ni halali. Anayemnunia mwenzake kwenye mipira tisa kwa sababu ya slopu amechagua mchezo usiomfaa. Hata hivyo, desturi ya kuinua mkono kidogo kuomba radhi naipenda. Haimpunguzii mtu pointi hata moja, na mpinzani aliyekaa kitini akingoja zamu anaona kuwa ametambuliwa.

Kwenye maneno ya kupeana nafuu naomba watu wawe makini mno. Mchezaji mzuri akimwambia dhaifu "nakupa nane" kwenye mipira tisa, ana maana kwamba yule dhaifu akizamisha namba nane au tisa, ameshinda. Ila kuna nane ya wazi, inayohesabiwa hata ikizama kwa bahati, na kuna nane ya kutaja, ambayo lazima useme inaingia shimo gani. Tofauti ni kubwa. Nane ikibingirika na kuzama bila kutajwa, kila mmoja anaamini kwa moyo mweupe kwamba haki ni yake. Waulizane kabla ya mpira wa kwanza kupigwa.

Neno zito kuliko yote ni "sandibaga", mtu wa mfuko wa mchanga. Ni mchezaji anayeficha uwezo wake ili abaki daraja la chini. Chukua ligi ya APA, chama cha wacheza pool cha Marekani, iliyoanzishwa na Terry Bell na Larry Hubbart. Kwenye mipira nane, madaraja ni kuanzia 2 hadi 7, na jumla ya madaraja ya wachezaji watano wa timu haitakiwi kuzidi 23. Mwenye uwezo wa 6 aliyesajiliwa 4 ni hazina kwa timu yake. Daraja hutokana na zamu anazotumia mtu kushinda gemu, kwa hiyo anayetaka kujishusha hukosa makusudi ili zamu ziongezeke. Dawa iko kwenye karatasi ya matokeo: shoti ambayo mtu hakukusudia kuzamisha mpira huandikwa kuwa ya kujihami, na hizo hutolewa kwenye hesabu ya zamu. Timu zote mbili huandika. Mwandishi akiwa macho, mchanga unamwagika.

Kinachonisikitisha ni kwamba neno hili hutupiwa mara nyingi mtu aliyefanya mazoezi miezi mitatu akapanda. Ni tuhuma ya wizi. Mwenye kuisema awe na karatasi mkononi.

Na kuna "dogi". Kuidogi shoti ni kukosa mpira rahisi kwa sababu ya hofu, na watu hulitamka mbele ya aliyekosa, tena kwa sauti. Hili ningefurahi lipotee. Linauma, na pia halielezi lolote. Hofu haiusukumi mpira pembeni. Kinachousukuma ni vidole vilivyobana kitako cha fimbo ghafla hadi ncha ikapinda njia, au mkono uliokatiza mwendo kabla haujafika mbele, au kichwa kilichoinuka kuangalia shimo kabla ncha haijagusa mpira. Mtazamaji mzuri anaona ni lipi kati ya hayo. Amwambie mwenzake hilo, tena kwa sauti ya chini, gemu ikishaisha: "Kichwa kiliinuka."